Kimya cha Mzee Lota

Tulimzika Aunty Bosibori mwezi uliopita, ardhi ikiwa bado ngumu kwa baridi, na kila aliyeshika kipaza sauti alisema jambo lile lile: kwamba mama huyu hakuacha mtu aaibike mbele ya watu. Ukisimama kutoa ushuhuda na machozi yakakukaba, Aunty aliinua wimbo. Mtoto akisahau aya yake ya kukariri siku ya Krismasi, Aunty alianza makofi, na kanisa zima likamfuata mpaka mtoto akashuka jukwaani akicheka. Yote ni kweli. Nilikaa safu ya tatu na kitambaa changu cheusi nikaitikia kama wengine, na nililia, maana mama huyo ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege nikiwa na sweta moja na viatu vya wazi. Mgala muue na haki yake umpe. Lakini walipoimba pambio alilolipenda, mdomo wangu haukufunguka. Haujafunguka kwa pambio hilo tangu mwaka ule niliokaa na Mzee Lota, na kwa kuwa aliyelianzisha sasa amelala, naona naweza kuusimulia mwaka huo bila kumvunjia mtu heshima.

Sitaeleza nilizaliwa wapi wala baba yangu alilima nini. Hayo yana watu wa kuyasimulia. Nianzie jikoni. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, nimemaliza kozi fupi ya kuhudumia wagonjwa kama wasichana wote wa kwetu walionitangulia huku Minnesota, Marekani, na kampuni moja ya kutunza wazee majumbani ikanipeleka Saint Paul kwa Mjerumani aliyeishi peke yake katika nyumba ya matofali yenye ngazi zinazolia. Jina lake lilikuwa Lothar Brenke. Kanisani kwetu baadaye walimwita Mzee Lota, na mimi nikaliacha lile jingine, kwa kuwa yeye mwenyewe alilipenda hili. Alikuwa amepita miaka themanini, mrefu, na nyusi nene ambazo hakuniruhusu kuzipunguza. Jiko lake lilikuwa na meza ya mbao kando ya dirisha, redio isiyozimwa, na sufuria moja iliyojua kuchemsha viazi tu. Wiki ya kwanza tulikula viazi. Wiki ya pili nikabeba unga wangu. Alionja ugali, akanyamaza, akatafuna, akanyamaza tena, nami nikaanza kuondoa sahani nikidhani umemshinda. "Acha," akasema. "Bado nafikiri." Ndivyo alivyokuwa. Ukimwuliza jambo, hata kama ni chai au kahawa, alikutazama kwanza, ukaliona swali likishuka ndani yake, kisha jibu likapanda kwa wakati wake. Mwanzoni ilinichosha, maana nina ulimi mwepesi na subira ndogo. Kufikia theluji ya kwanza nilikuwa nimezoea, na hata leo mtu akinijibu upesi mno huwa simwamini.

Mzee Lota alikuwa mwigizaji wa kazi. Si nyota, uso wake ungeuona ukasema huyu namjua, halafu ukakosa jina. Aliondoka Ujerumani kijana baada ya vita kwa sababu hakutaka kuziona tena zile sare za kijeshi, akavuka bahari aje aigize Marekani, na Marekani ikamtazama uso, ikasikia lafudhi yake, ikamvika sare zile zile. Kwa miaka mingi alikuwa ofisa wa upande mbaya kwenye filamu za vita. Anafungua mlango, anasema "Vitambulisho," anapigwa risasi. "Nimekufa kwenye ngazi," aliniambia akimenya kiazi, "nimekufa majini, nimekufa chini ya lori. Lakini sijawahi kupewa nafasi ya kuogopa kwanza." Sare zilipopungua alikuja Minneapolis kwenye jumba la maigizo, na huko akawa daktari anayeleta habari za kifo, mhudumu anayeleta mvinyo, padri anayefika amechelewa. Mke alikuja, akamzalia binti, akachoka kumngoja mume aliyekuwa akifa miji ya mbali, akaenda zake. Na kila mwongozaji, wa filamu au wa jukwaa, alimwambia neno moja: harakisha, Lothar, watu hawakukata tiketi waje kukuona ukifikiri.

Aliniambia haya vipande vipande, mimi nikiosha vyombo na yeye akivipangusa, kazi ambayo hakuifanya vizuri lakini hakukubali kunyang'anywa. Siku moja aliweka kikombe chini, akasema, "Maneno ni ya aliyeyaandika. Mimi niko pale kabla ya neno. Hapo ndipo mwigizaji anapokaa, Kerubo, kwenye kimya. Na hapo sijawahi kuachiwa nikae." Nikamwambia kwetu tunasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Akataka nirudie. Akataka kujua kila neno linasema nini, mshindo ni nini, kwa nini mkuu. Kisha akalisema mwenyewe, taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu nitoke nyumbani nikasikia Kiswahili kikisemwa kama kitu chenye thamani, si lugha ya kupigiana simu kuulizana nani ana gari Jumapili.

Binti yake aliitwa Annelie. Alikaa Maple Grove na kufanya kazi ofisi moja Plymouth, na alipiga simu kila Jumapili baada ya chakula. Nilikuwa nikimsikia kwenye kile kipaza sauti cha simu kilichowekwa juu ya meza kwa sababu ya masikio ya mzee. "Papa? Papa, uko hapo?" Yuko. Anafikiri. "Papa, umesikia nilichosema?" Mama wa watu hakuwa mbaya, na ningependa ieleweke hivyo. Alimpenda baba yake kwa woga, kama mtu anayeshika kikombe kilichokwisha kupasuka. Siku moja alikuja, akanivuta barazani, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba baba anapotea katikati ya mazungumzo, kwamba aliacha birika kwenye moto mpaka likaungua, na kwamba kuna nyumba nzuri karibu na kwake ya watu wanaoanza kusahau. Nikamwambia birika hata mimi nimeunguza. Akatabasamu kwa adabu. Mlango ulikuwa wazi, na mzee alisikia. Jioni hiyo hakugusa chakula. "Nimeshaigiza mchezo wa nyumba kama hiyo," akasema. "Mlango wake unafunguliwa kwa namba, na wakaaji ndio wasioijua namba."

Jumamosi zangu nilikwenda Burnsville, kwa Aunty Bosibori, ghorofa ya pili, mahali ambapo viatu vilijaa mlangoni na chapati hazikuisha. Hapo ndipo uliposikia habari zote za Wakenya wa miji hii miwili, Minneapolis na Saint Paul: nani amepita mtihani wa unesi, nani amekosana na meneja, nani analala kwenye gari kati ya shift na shift. Mwaka huo kanisa, lililokuwa likikodi ukumbi wa kanisa lingine hapo hapo Burnsville, liliandaa mchezo wa Pasaka: yule mwana aliyeondoka na urithi wake akarudi amechakaa. Deno, mpwa wa Aunty, ndiye mwana. Baba angeigizwa na mzee mmoja wa kanisa, Baba Brian. Nakumbuka Aunty akigeuza chapati kwa vidole na kutangaza msiba.

"Baba Brian amepigwa mandate kazini, hakuna kukataa. Wamempea double shift Jumapili yote ya Pasaka. Sasa baba tutatoa wapi?"

"Si tu-cancel hiyo play," akasema Deno kutoka kwenye kochi. "Kwani ni lazima?"

"Hatu-cancel kitu. Wewe umeshika lines zako ama bado?" Kisha akanigeukia. "Kerubo, huyo mzee wako wa Saint Paul, si ulisema alikuwa ana-act?"

"Aunty, ni mzungu."

"Na Mungu ni Mkisii? Mlete."

Nilimweleza Mzee Lota kesho yake. Alinitazama. Nikaliona swali likishuka. Ilichukua muda mrefu kuliko kawaida, mpaka nikaona aibu kwa kumletea jambo la watoto mtu aliyesimama kwenye majumba makubwa. Kisha akauliza, "Ni baba?" Ndiyo, nikasema. "Hafi?" Hafi. Akasimama akaenda dirishani, na nilipomletea chai niliona uso wake umelowa. Jioni hiyo akampigia binti yake mwenyewe, jambo asilolifanya, akamwalika. Annelie alikubali kuja. Aliniambia kwenye simu, mzee akiwa bafuni, kwamba amechoka kubishana. Kama baba yake anaweza kushika mistari katika lugha ngeni na kuifikisha mwisho, basi ameshindwa yeye, na habari ya ile nyumba ataiacha. Akishindwa baba, na sisi tuache kumpinga. Nilimfikishia mzee maneno hayo kwa sababu yalimhusu yeye. Akasema ni haki. Akasema ndivyo majaribio ya waigizaji yalivyo siku zote.

Kwa hiyo tukakariri. Ilikuwa mistari michache, lakini alitaka mzizi wa kila neno, na alipokwisha kuujua hakuukosea. Nilimsikia akisema Kiswahili bafuni, kwenye ngazi, mbele ya viazi. Mstari uliomshika ulikuwa ule wa baba anapomwona mwanawe akija kwa mbali: "Yule ni mwanangu." Kijana aliyeandika mchezo alikuwa ameuweka mara tu mwana anapotokea mlangoni. Mzee akatikisa kichwa. "Hawezi kusema upesi hivyo," akaniambia. "Fikiri. Huyu baba ametazama barabara ile kila siku. Ameshamwona mwanawe mara nyingi, na kila mara akawa mtu mwingine, mwuza mbuzi, mpita njia. Sasa anaogopa kusema. Akisema na ikawa siye, safari hii atakufa." Akaamua: Deno aingie kwa mlango wa nyuma wa ukumbi, atembee katikati ya watu, na baba anyamaze mpaka kijana afike kwenye piano iliyo chini ya jukwaa. Ndipo aseme. Tulijaribu jikoni, mimi nikiwa mwana na friji ikiwa piano. Niliingia kutoka sebuleni na begi langu la kazini, nikamwona akinitazama, na katikati ya njia nikasimama, maana nilijiona ninavyotazamwa na mtu ambaye hathubutu kuamini kuwa nimerudi. Sijatazamwa hivyo tena na mtu yeyote. "Usimwambie mtu," akasema tulipomaliza. "Wakijua, watangoja neno langu. Nataka wamngoje mtoto."

Sikumwambia mtu; Deno nilimwambia tu aingie kwa mlango wa nyuma atembee hadi kwenye piano. Wala hakukuwa na mahali pa kugunduliwa, kwa sababu mazoezi hayakuwahi kuwa na watu wote. Hivyo ndivyo tulivyofanya kila kitu huku, kwaya, harusi, vikao: kila mmoja anafanya sehemu yake kati ya shift, na tunaungana siku yenyewe tukimwachia Mungu mishono. Jumamosi Deno alipokuwepo mzee hakuwepo, na mzee alipoletwa, Deno alikuwa kazini na mtoto wa Sunday school akasimama badala yake, na mbele ya mtoto huyo mzee aliusema mstari upesi kama ulivyoandikwa.

Jumapili ya Pasaka ilikuja na tope la theluji inayoyeyuka. Tulimvika mzee kanzu ya Baba Brian, ikamfikia kwenye mashavu ya miguu, na watoto wakacheka, naye akawainamia kama mfalme. Mimi nilikaa nyuma karibu na Annelie nimtafsirie. Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri kupita kiasi. Alipogawa urithi wake kwa Kiswahili kile cha Kijerumani, wamama walipiga vigelegele, na Annelie akanishika mkono akaninong'oneza, "Anasema kweli? Anayaelewa?" Nikamwambia anayaelewa kuliko sisi. Kisha mlango wa nyuma ukafunguka, Deno akaingia na suruali iliyopasuliwa, na Mzee Lota akageuka akamwona.

Akanyamaza. Ukumbi ukanyamaza naye. Niliona mkono wake ukiinuka kidogo ukarudi. Niliona midomo ikikaribia neno na kuogopa. Deno akapiga hatua, akapiga nyingine. Mtoto mmoja alilia, akanyamazishwa. Mzee alikuwa mbali na sisi sote, yuko kwenye barabara yake, na nakiri sijawahi kuona kitu kizuri kama kile, kanisani au nje ya kanisa. Alikuwa amefika alikotaka kufika tangu ujana. Deno hakuwa amefika hata katikati ya ukumbi, kwa sababu naye alihisi kuna kitu hakiendi sawa na akapunguza mwendo. Hapo ndipo nikasikia kofi la kwanza, safu ya mbele, mkono wa Aunty Bosibori ninaoujua. Kofi la kumtia mtu moyo. La pili. Kisha sauti yake ikapanda na lile pambio, na kanisa letu, ambalo halijawahi kumwacha mtu amesimama peke yake na aibu, likainuka kama mtu mmoja.

Waliimba kwa upendo. Hicho ndicho kisichonitoka. Walimwimbia mzungu mzee wasiyemjua kama walivyomwimbia mtoto wao, na mwendesha ibada akachukua kipaza sauti akasema mpigieni mzee wetu makofi ya nguvu, amejaribu, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Aunty akapanda jukwaani, akampangusa paji la uso na leso yake, akamshika mkono akamketisha. Deno alikuwa amesimama katikati ya njia na begi lake, anapiga makofi naye. Mzee Lota alitazama huku na huku. Alifungua mdomo akasema kitu. Niliona umbo la maneno, ni mstari wake, aliusema wote, na hakuna aliyeusikia. Annelie alikuwa amefunika uso. "Hakusahau," nikamwambia nikipaza sauti juu ya wimbo. "Alikuwa ananyamaza makusudi, ilipangwa hivyo." Akanitazama kwa huruma, huruma ile ile iliyokuwa imejaa ukumbi. "Najua unampenda," akasema.

Baada ya ibada kulikuwa na pilau na kuku. Kila mama aliyepita alimwongezea mzee kitu kwenye sahani na kumwambia pole, mpaka sahani ikawa mlima. Aunty alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Usimkaze na maswali, eeh? Hata baba yangu alianza hivyo hivyo. Tutamweka kwa maombi." Nilimpeleka mzee nyumbani. Njiani, kwenye ile barabara kuu ya kaskazini, tukavuka mto. Kisha akauliza, na sauti yake haikuwa ya mwigizaji, "Kerubo, nilisahau?" Nikasema hapana, Mzee, hata kidogo. Akatazama nje. "Watu mia wanasema nilisahau. Wewe ni mmoja."

Annelie alikuja Jumatatu. Tulikaa watatu kwenye ile meza ya dirishani, chai ikipoa. Nilimweleza tena yote: barabara, mwuza mbuzi, piano. Alisikiliza, nampa haki yake, alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamgeukia baba yake, akaweka mkono juu ya mkono wake, akamwuliza moja kwa moja. "Papa, niambie kweli. Ulisahau maneno?"

Na Mzee Lota akamtazama. Swali likashuka ndani yake. Niliomba. Niliomba kwa lugha zote ninazozijua kwamba aseme, aseme tu, hapana, neno moja, upesi kama mtu wa kawaida. Lakini alikuwa ameulizwa jambo zito na binti yake, na kwa jambo zito hakuwa na njia nyingine isipokuwa kwenda kulitafuta jibu mahali lilipo. Annelie alingoja kadiri alivyoweza. Machozi yakamtoka. "Basi, Papa," akasema, akimpigapiga mkono. "Basi. Si kosa lako."

Walimhamisha kabla majani hayajachipua. Mimi nilipangiwa kumtunza bibi kizee mmoja, kisha nikarudi shuleni nikawa nesi, na kazi hiyo nimeifanya mpaka nywele zimebadilika rangi. Nawafundisha wasichana wapya kwamba ukimwuliza mzee swali, kaa chini, funga mdomo, ngoja. Wananiitikia kwa heshima na kutazama saa, kwa sababu wana vyumba vingi vya kuzunguka. Watu hunisifu kwamba mwaka ule ulinifanya muuguzi mzuri. Huenda. Ningeurudisha uzuri huo wote leo hii kama ungeweza kununua hatua zilizobaki kati ya Deno na ile piano.

Nilimtembelea majira ya joto, Maple Grove, na bakuli la ugali kwenye mfuko. Ilikuwa nyumba safi, yenye maua, na wahudumu wema. Walinifungulia mlango kwa namba. Alikuwa kwenye kiti karibu na televisheni, amenyolewa vizuri, zile nyusi zimepunguzwa. Nikauliza habari yake. "Nzuri sana, asante," akasema, na mimi sijafika mwisho wa swali. Umekula? Ndiyo, ndiyo, vizuri sana. Unalala? Ndiyo, kama mtoto. Majibu yalikuja mbio, moja juu ya jingine, na macho yake yalikuwa yakinifuatilia mdomo apate kujua neno linalokuja alitangulie. Mhudumu aliyekuwa akipita akasema kwa furaha kwamba mzee ameimarika sana, zamani alikuwa ananyamaza tu. Nikachuchumaa mbele yake, nikamshika mikono yote miwili. Nikamwambia, "Mzee, hapa hakuna haraka. Nina siku nzima. Nitazame kwanza."

"Ndiyo," akasema kabla sijamaliza, "ndiyo, bila shaka, nakukumbuka, nakumbuka kila kitu." Kisha akaniita Annelie.